Samaki wa ziwa dogo: tulimfuata kutoka sokoni hadi Mokoto

Wiki hii hatuandiki juu ya bei ya unga wala karo ya watoto. Tunaandika juu ya samaki mmoja tuliyemkuta sokoni, na njia tuliyoifuata ili kujua alikotoka.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, katika soko la Virunga, hapa Goma. Anayenunua samaki kila wiki anazoea kuona wale wale. Kuna sambaza wa ziwa Kivu. Kuna tomsoni wa barafu, anayetoka bahari ya mbali. Kuna makayabu mwenye chumvi. Kuna tilapia wa ziwa Edouard, aliyepitia Vitshumbi, mara nyingi amekwisha kukaushwa kwa moshi. Siku hiyo, mama mmoja alikuwa ameketi pembeni na beseni dogo. Ndani yake kulikuwa na tilapia kama ishirini, wamefunikwa na majani mabichi ya migomba. Walikuwa weusi mgongoni, wanene, matamvua yao bado mekundu.

Nilimuuliza, "Mama, hawa ni wa Kivu?"

Akacheka. "Hapana, dada yangu. Hawa ni wa ziwa dogo. Wanatoka huko juu."

"Juu wapi?"

"Mimi nawapokea Sake. Anayenipa ndiye anajua."

Nilinunua wawili, nikapika jioni, na watoto wakauliza kama kesho watakula tena samaki yule. Mama mwenzangu wa likelemba alipoonja mchuzi alisema maneno niliyokuwa nayafikiri tayari: "Twende tukaone hilo ziwa." Wiki tatu baadaye, barabara ilipokuwa imetulia, tuliondoka.

Njia ya beseni

Watu wengi wanadhani ziwa lisilojulikana hutafutwa kwenye karata au kwa kuuliza wanaume wenye mitumbwi. Sisi tulijifunza kwamba linatafutwa kwa beseni. Kila samaki aliye sokoni ameshikwa na mikono ya wanawake watatu au wanne kabla ya kufika kwako. Kila mmoja wao anamjua yule aliye nyuma yake. Ukimfuata mmoja baada ya mwingine, utafika kwenye maji.

Kutoka Goma hadi Sake ni kilometa kama 25. Njiani, upande wa kushoto, ziwa Kivu linaonekana na kupotea. Upande wa kulia ni mawe meusi ya volkeno, na kati ya mawe hayo watu wamepanda maharagwe na migomba. Si mbali na Mugunga tuliteremka kuona Lac Vert, kwa sababu mwenzangu alikuwa hajaliona. Ni maji ya kijani yaliyo chini ya shimo la volkeno ya zamani, kama supu ya lenga-lenga kwenye bakuli. Ni pazuri. Lakini hapo ndipo lazima tuseme jambo la kwanza kwa kila mama atakayetembea na watoto upande huo.

Kati ya Goma na Sake kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi akiingia humo anaanguka. Mtoto anaanguka kabla ya mama yake, kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mtu akikimbia kumwinua bila msaada, naye anaweza kubaki humo. Ukiona ndege au mnyama amekufa ndani ya shimo bila jeraha, usiteremke. Usimlaze mtoto chini mahali pa bonde ili wewe uvue au ufue nguo. Wenyeji wanajua mashimo hayo moja moja. Waulize kwanza, hata kama unaona haya.

Sake tulimpata mama wa pili kirahisi, kwa sababu tulitaja jina la yule wa Goma. Alikuwa anapima maharagwe. Alitutazama kwanza viatu, kisha uso. "Mnataka samaki au mnataka njia?" akauliza. Tukamwambia ukweli, kwamba tunataka vyote viwili. Akasema samaki hao wanateremka mara mbili kwa wiki kutoka Mokoto, na mvua ikiharibu barabara hawateremki kabisa. Akatupa jina la mama wa tatu, na akatuagiza tumpelekee sabuni mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa barua yetu ya kujitambulisha.

Maziwa yaliyozaliwa na mawe

Kutoka Sake pikipiki inapanda. Unaacha joto la ziwa, unaingia kwenye vilima vya Masisi: majani mafupi, ng'ombe, miti ya mikaratusi, na jibini za duara zinazouzwa kando ya barabara. Mwenzangu alivaa sweta juu ya kitenge. Maziwa ya Mokoto yako zaidi ya meta 1,700 juu ya bahari, na usiku huko ni baridi ya kweli.

Ni maziwa manne, na kubwa lao linaitwa Ndalaga. Ili kuelewa kwa nini yako pale, inafaa kukumbuka habari ya ziwa Kivu lenyewe. Zamani sana maji ya upande huu yalikuwa yanakwenda kaskazini, kuelekea ziwa Edouard. Volkeno za Virunga zikatoka, mawe yake yakafunga njia. Maji yakapanda, yakajaza mabonde, mpaka yakapata mlango upande wa kusini, mto Ruzizi, ambao unayapeleka Tanganyika. Kwa hiyo ziwa letu kubwa ni bonde lililozibwa. Mokoto ni jambo hilo hilo kwa kipimo kidogo: moto wa volkeno ulipita, ukapoa ukawa mawe, mawe yakaziba mabonde, na maji yakakaa nyuma yake.

Hii inamsaidia pia anayetafuta maziwa mengine madogo. Katika nchi yetu ya volkeno, mahali ambapo mawe meusi yamekata bonde lenye mto, uliza kama kuna maji nyuma yake. Nchini Uganda, ziwa Bunyonyi lilizaliwa kwa njia hiyo, na Rwanda maziwa Burera na Ruhondo pia. Maziwa ya namna hii yana mikono mingi inayoingia kati ya vilima, kwa sababu ni mabonde yaliyojaa maji. Ndani ya mikono hiyo maji ni ya kina kifupi, yana joto kidogo, yana majani. Ndipo samaki wanapozaa na kula.

Tusiseme kwamba Mokoto halijulikani kwa sababu limejificha. Pembeni yake kuna monasteri ya watawa Watrapisti, iliyoanzishwa mwaka 1954, na wazee wengi wa Goma wanaikumbuka. Mwezi wa 5 mwaka 1996 watu waliokuwa wamekimbilia humo walishambuliwa, wengi wakauawa, na watawa wakalazimika kuondoka. Tangu hapo barabara ya kule imefunguka na kufungwa mara nyingi. Vita ndivyo vimefanya maziwa hayo yasahaulike na watu wa mjini. Wale wanaoishi pale hawajayasahau hata siku moja, kwa sababu wanakula kutoka humo.

Asubuhi ukingoni

Mama wa tatu alitupokea na sabuni zake mbili, akatupa viazi na maziwa. Ni mjane mwenye watoto watano. Mtoto wake wa kwanza ana mtumbwi. Yeye ndiye anayepokea samaki wa watu wa ukingo ule, anawafunga kwenye majani, na kuwateremsha. Alitulaza nyumbani kwake, na asubuhi akatupeleka kwa mzee wa kijiji kusalimia na kuomba ruhusa. Bila hiyo, alisema, hata ukivua samaki mmoja utaitwa mwizi.

Ukungu ulikuwa juu ya maji mpaka saa mbili. Tuliketi tukingoja uondoke. Alituonyesha jinsi ya kusoma ziwa. Pale penye mafunjo na matete, tilapia wako karibu, lakini ndoano itashikwa na mizizi. Kaa kwenye ukingo wa majani, usiingie ndani yake. Pale ndege mdiria anaposimama juu ya tawi na kuangalia chini, kuna samaki wadogo, na wakubwa hawako mbali. Pale kijito kinapoingia, maji huleta wadudu na minyoo baada ya mvua. Na pale chini penye mchanga au tope laini, ukiona miduara kama sahani, hiyo ni viota. Dume wa tilapia anachimba mduara huo, na jike anakuja kutaga humo.

Vyombo vyetu vilikuwa mwanzi mmoja, mshipi, ndoano ndogo, na kipande cha funjo kavu cha kuelea. Chambo kilikuwa minyoo iliyochimbwa chini ya mgomba, na bugali lililofinyangwa kama punje ya hindi. Tilapia hauvuti kwa nguvu. Kile kinachoelea kinatetemeka, kinakwenda pembeni, ndipo kinazama. Ukivuta mapema umempoteza. Nilimpoteza wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Watoto wa pale walicheka hadi wakalala kwenye nyasi. Jua lilipopanda na maji ya ukingoni kupata joto, samaki walikaribia, na kufikia saa sita tulikuwa na wanne. Mwenzangu, ambaye hajawahi kushika mwanzi, alivua watatu kati ya hao.

Samaki mwenye mayai mdomoni

Tulipokuwa tunajisifu, kijana mmoja alifika na ndoo. Alikuwa amevua kwa chandarua cha mbu, kile kinachogawiwa bure kwa ajili ya watoto. Ndani ya ndoo kulikuwa na samaki wadogo wengi, wengine kama kidole cha mtoto. Kati yao kulikuwa na jike mmoja wa tilapia. Mama mwenyeji alimchukua, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, na akatuonyesha. Mdomo ulikuwa umejaa mayai ya manjano.

Tuliokuwa pale sote ni mama, na tulinyamaza.

Tilapia wa aina hii hawaachi mayai yake. Jike akishataga, anayakusanya mdomoni. Anakaa nayo humo hadi yanatotoa, na watoto wakianza kuogelea bado wanarudi mdomoni mwake wakiona hatari. Zinapita siku kama 10 hadi 14, na muda huo wote karibu hali kitu. Kwa sababu hali, ndoano haimpati kwa urahisi. Ndoano inampata yule anayekula. Lakini chandarua kinapata wote: mama, mayai yake, na watoto wa mama wengine.

Katika ziwa kubwa kama Kivu kosa kama hilo linachelewa kuonekana. Sambaza wenyewe waliletwa humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapata nafasi, wakajaa. Ziwa dogo halina nafasi hiyo. Likivuliwa vibaya, tilapia wanaanza kuzaa wakiwa wadogo sana, na hawakui tena kuwa wanene. Ndiyo maana mama yule alitufundisha alama moja ya kutambua ziwa lililochoka: ukiona sokoni tilapia mdogo kuliko kiganja chako na tayari ana mayai, ujue huko alikotoka samaki wanakwisha.

Kuna deni la pili. Chandarua kilichotiwa dawa kinaua pia samaki wasionaswa, kwa maana dawa ile ya mbu ni sumu kali kwa samaki. Na chandarua kilicho ziwani hakiko kitandani. Mama mwenyeji alisema wazi: mtoto wake mkubwa naye alifanya hivyo mwaka mmoja. Msimu huo huo mjukuu wake aliugua malaria mara mbili, na pesa yote ya samaki ilikwenda kwenye dawa. "Nilihesabu," alisema. "Ziwa lilinipa kwa mkono huu, likachukua kwa huu."

Wanunuzi ndio wenye ziwa

Niliuliza kama mzee wa kijiji amekataza vyandarua. Amekataza, walisema, lakini ni nani atalinda maji usiku? Kilichosaidia kidogo kilitoka kwa wanawake. Wale wanaopokea samaki ukingoni, kama saba hivi, walikubaliana katika likelemba yao kwamba hakuna atakayenunua samaki aliye mfupi kuliko kiganja na vidole vyake. Wala hawatanunua ndoo iliyochanganywa. Kijana mwenye ndoo alizunguka nyumba hadi nyumba siku ile, na tulimwona akirudi nayo imejaa. Aliuza kwa mtu mmoja tu, aliyetoka mbali na makubaliano yale.

"Huyo mmoja ndiye anayetuharibia," mama alisema. "Anawapeleka kwenu. Anasema huko Goma watu wananunua chochote."

Maneno hayo tulirudi nayo. Ni kweli kwamba tunanunua chochote. Mama mwenye franka chache na watoto sita hawezi kuchagua kila siku, na hatuandiki haya ili kumhukumu. Kafungu ka samaki wadogo ni rahisi kuliko mmoja mkubwa, na kwa uji wa mtoto wa miezi sita na zaidi, samaki mdogo mkavu aliyesagwa ni chakula kizuri. Lakini kwa kazi hiyo kuna sambaza, na kuna ndagala wa Tanganyika. Hao ni wadogo kwa asili yao. Mtoto wa tilapia si samaki mdogo kwa asili. Ni samaki mkubwa ambaye hakuachwa akue. Tukijua tofauti hiyo tukiwa mbele ya beseni, tutakuwa tumefanya kazi ambayo mlinzi hawezi kufanya usiku.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza mama mwenyeji kama anakubali tuandike habari za ziwa lao. Alifikiri. Alisema jina la Mokoto linajulikana tayari, basi tuandike. Ila tusiseme ni mkono gani wa maji wenye viota vingi, wala nyumba yake iko kilima gani. Tumeahidi, na tumetimiza.

Kwa anayetaka kwenda

Kama kikundi chenu kinataka kutafuta ziwa dogo, huko Masisi au mahali pengine, tunawaachia tuliyojifunza. Anzeni sokoni: ulizeni samaki ametoka kwa nani, siyo wapi tu. Ulizeni habari za usalama siku ile ile ya kuondoka, siyo wiki iliyopita, na mkisikia neno baya rudini nyumbani, ziwa litabaki. Salimieni mkuu wa mahali kabla ya kutia ndoano majini. Bebeni sweta, kofia ya mtoto, na maji yaliyochemshwa. Mtumbwi mwembamba hauchukui watu wanne na mtoto mgongoni, hata mwenyewe akisema unaweza. Vueni kwa ndoano. Samaki mdogo akinaswa, lowesha mkono kwanza, mtoe taratibu, mrudishe. Chukueni wa kula siku hiyo, wengine nunueni kwa mama wa pale, ili naye afurahi kwamba mlikuja.

Wale wanne wetu tuliwapika ukingoni kwa liboke: samaki ndani ya jani la mgomba, kitunguu, nyanya, pilipili moja, chumvi, mawese kidogo, kisha makaa. Tulikula pamoja na watoto waliotucheka asubuhi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa mama wa beseni dogo pale sokoni. Nilimpa salamu za Sake na za Mokoto. Kisha nikaweka mkono wangu juu ya samaki wake mmoja, kiganja na vidole. Alizidi kidogo. Mama akaniangalia, akatabasamu. "Kumbe ulifika," akasema.